Lugha ya Kwanza na Hasara ya Kungoja

Katika mambo yamhusuyo mtoto asiyesikia, iko kauli moja iliyopata heshima kubwa kuliko inayostahili. Kauli hiyo ni "Mngojeni akue." Mama akiona kuwa mwanawe wa miaka 2 hageuki anapoitwa, jirani humwambia kuwa mtoto ni mzito wa kusema tu, kama alivyokuwa mjomba wake. Mtoto akitimiza miaka 4 bila ya neno, mama huambiwa kuwa shule ipo, atajifunza huko. Akifikishwa shuleni ana miaka 8 au 10, husemwa kuwa yampasa kwanza afundishwe kutamka kwa kinywa, wala asiachiwe kusema kwa mikono, maana mikono itautia ulimi wake uvivu. Kauli hizi zina sura tatu lakini nasaba yake ni moja. Zote zimezaliwa na dhana kwamba lugha ni kama kanzu, ambayo mtu aweza kuvishwa siku yoyote ya maisha yake ikamkaa. Dhana hiyo ni kosa. Kosa hilo lina gharama, na mwenye kuilipa si yule aliyetoa shauri la kungoja, bali ni mtoto.

Watetezi wa kungoja wana hoja moja isikikayo vizuri. Husema kuwa elimu haina mwisho, na kuwa watu wazima hujifunza lugha kila siku. Humtaja mfanyabiashara aliyefika Mombasa ana miaka 30, hajui hata salamu ya Kiswahili, na leo anauza na kununua kwa Kiswahili bila ya mkalimani. Hapana anayeukana ukweli wa jambo hili. Lakini mfanyabiashara huyo hakufika Mombasa mtupu. Alifika na lugha ya mama yake kichwani, nayo ilikuwa imekwisha kumfundisha kuwa vitu vina majina, kuwa tendo lina mtendaji na mtendwa, kuwa jana, leo na kesho zina namna zake za kusemwa. Alikuwa na nyumba, akaongeza chumba. Mtoto asiyesikia wala asiyeonyeshwa lugha ya kuonwa kwa macho hana nyumba wala kiwanja. Kumpima huyu kwa kipimo cha yule ni dhuluma katika mantiki kabla haijawa dhuluma katika malezi. Swali linalopasa kuulizwa ni umri humfanya nini mtu ambaye bado hana lugha yoyote. Habari za lugha ya pili haziwezi kulijibu.

Hebu itazamwe kwanza kazi aifanyayo mtoto asikiaye. Janet Werker na mwenzake Tees walionyesha mwaka 1984 kuwa watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8 huweza kutofautisha sauti za lugha wasizopata kuzisikia nyumbani, na kuwa uwezo huo hupungua sana kabla ya mwaka wa kwanza kutimia. Maana yake ni kuwa mtoto ambaye bado hajatamka neno amekwisha kuanza kuichagua lugha ya kwao na kuziacha nyingine. Baada ya hapo kazi huenda mbio. Hakuna mtoto wa Unguja au Tanga aliyepata kukalishwa kitako akaambiwa kuwa kiti huchukua "ki" na viti huchukua "vi". Mwanzoni hudondosha viambishi, akasema "anguka" pahali pa "kimeanguka", na watu wazima hucheka. Lakini kabla ya kwenda shule husema "kiti changu kimevunjika", na kila neno limepatana na jenzake. Mgeni aliyeianza kazi hiyo ukubwani ana mwalimu, ana kamusi, ana kitabu cha sarufi, na bado baada ya miaka 20 ngeli humponyoka. Mtoto hana hata kimoja katika vyombo hivyo. Alicho nacho ni umri.

Mwanachuoni Eric Lenneberg, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya misingi ya lugha katika maumbile ya mwanadamu, alitoa rai kwamba uwezo huu una majira yake, nayo huanza karibu na mwaka wa pili wa maisha na kufikia ukingoni wakati wa kubalehe. Tangu hapo wengi wameitetea rai yake kwa habari za watoto waliotupwa au kufungiwa. Humtaja Victor, mvulana aliyetokea porini kusini mwa Ufaransa mwaka 1800, akiwa na umri wa kama miaka 12. Daktari Itard alimfundisha kwa bidii kwa miaka kadhaa mjini Paris. Mvulana akapata utulivu na mapenzi kwa walezi wake, lakini hakupata kusema isipokuwa maneno machache mno. Humtaja pia msichana aliyepewa jina la Genie, aliyepatikana California mwaka 1970 ana miaka 13, baada ya kufungiwa chumbani karibu maisha yake yote. Huyu alijifunza maneno mengi, lakini sentensi zake hazikupata kusimama sawasawa. Na kwa kinyume hutajwa Isabelle wa Ohio, aliyefichwa pamoja na mama yake asiyesikia wala kusema mpaka alipofika miaka sita na nusu. Yeye, katika muda wa miaka miwili hivi ya kufundishwa, aliwafikia watoto wa rika lake.

Habari hizi zinasikitisha, na huenda zina ukweli ndani yake, lakini ni ushahidi dhaifu. Nani ajuaye kama Victor hakutupwa kwa sababu alikuwa na upungufu tangu kuzaliwa? Nani awezaye kupambanua, katika maisha ya Genie, kilichoharibiwa na ukosefu wa lugha na kilichoharibiwa na njaa, kipigo na upweke? Mpinzani akisema kuwa watoto hawa walishindwa kwa mateso wala si kwa umri, hana budi kusikilizwa. Mtetezi wa mapema asijenge nyumba yake juu ya mchanga huu, kwa kuwa hana haja nao. Uko mwamba karibu.

Mwamba huo ni maisha ya viziwi wenyewe. Kiziwi aliyezaliwa katika nyumba yenye upendo alilishwa, alibebwa, alichezeshwa, aliugua akauguzwa. Hakukosa kitu ila kimoja: lugha iliyosemwa nyumbani ilipita masikioni ambamo haikuweza kuingia. Wengine huzaliwa na wazazi viziwi, wakaipata lugha ya alama tangu siku ya kwanza. Wengine huikuta shuleni wakiwa wadogo. Wengine huikuta baada ya kubalehe. Hapa basi ulimwengu umejipangia wenyewe jaribio ambalo hakuna mtu mwenye imani angelithubutu kulipanga.

Elissa Newport aliandika mwaka 1990 juu ya watu wa namna hizi tatu huko Marekani, wote wakiwa wamekwisha kuitumia Lugha ya Alama ya Marekani kwa zaidi ya miaka 30. Walioipata tangu kuzaliwa waliongoza katika maumbo ya vitenzi. Walioipata kati ya miaka 4 na 6 waliwafuata. Walioipata baada ya miaka 12 walikuwa nyuma. Katika mpangilio wa kawaida wa maneno hawakuachana. Neno lililo zito hapa ni hizo 30. Mtu anayeitumia lugha kwa miaka 30 hawezi kuambiwa kuwa hajapata mazoezi. Mazoezi aliyapata, alichokosa ni kuyapata kwa wakati wake.

Mpinzani mwerevu atajibu kuwa hilo halikuwa jambo geni: kila anayechelewa kujifunza lugha huwa nyuma, asikiaye na asiyesikia. Hoja hiyo ilijibiwa na Rachel Mayberry. Mwaka 1993 alilinganisha watu walioianza lugha ya alama katika umri ulio sawa, baada ya miaka ya utoto wa mwanzo kupita. Kundi moja lilikuwa la watu waliozaliwa wakisikia, wakakua na lugha ya kinywa, kisha wakapoteza usikivu. Kundi la pili lilikuwa la viziwi wa tangu utotoni, ambao hawakuwa na lugha yoyote ya kutosha kabla ya hapo. Umri mmoja, lugha moja, lakini matokeo mbalimbali: wale wa kwanza waliwapita wa pili kwa mbali. Mwaka 2002 yeye na wenzake waliigeuza mizani upande wa pili, wakatazama Kiingereza. Waliokuwa na lugha fulani mapema, ikiwa ya kinywa au ya mikono, walikiweza. Waliokosa lugha utotoni walikuwa nyuma sana. Kwa hiyo lugha ya alama haikuwazuia wenyewe wasijifunze lugha ya kinywa. Iliwafungulia mlango. Kilichowafungia wengine mlango ni utupu wa miaka ya mwanzo.

Hili ndilo fundisho ambalo wenye kauli ya kungoja hawataki kulisikia. Akosaye lugha ya kwanza mapema hakosi lugha moja tu. Hukosa ule msingi ambao juu yake lugha zote nyingine zingejengwa. Akiletewa Kiswahili kwa maandishi, Kiswahili hakina pa kukaa. Akiletewa Kiingereza, vivyo hivyo. Akiletewa lugha ya alama yenyewe katika ujana, huipokea kwa mkono mmoja. Kisha jamii humtazama ikasema kuwa ni mjinga. Hakuzaliwa mjinga. Alingojwa.

Wako watakaosema kuwa mikono si lugha, ni kupungapunga tu. Kauli hiyo ilikuwa na nguvu kwa muda mrefu. Mkutano wa waalimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kuwa njia ya kinywa ndiyo ifaayo, na alama zikafukuzwa katika madarasa ya nchi nyingi kwa karibu karne nzima. Ilipasa kufika mwaka 1960 ndipo William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake, akaonyesha kuwa alama za viziwi wa Marekani zina viungo vyake na kanuni zake kama lugha nyingine. Mswahili hana haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Katika Kiswahili, tofauti baina ya "ninakupa" na "unanipa" imo katika viambishi. Katika lugha nyingi za alama, tofauti hiyo imo katika mwendo wa mkono, utokao kwa mpaji kwenda kwa mpewa. Kazi ni ile ile, chombo ndicho kilichobadilika. Laura Petitto na Paula Marentette walionyesha mwaka 1991 kuwa watoto viziwi wa wazazi viziwi hubwabwaja kwa vidole, kama watoto wasikiao wabwabwajavyo kwa midomo. Mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliokutana Vancouver mwaka 2010 uliyakataa maazimio ya Milan. Miaka 130 ilikuwa imepita. Watoto wangapi walikua katika miaka hiyo, wakangoja, wakazeeka!

Ikiwa bado yuko mwenye shaka, na aitazame Nicaragua. Kabla ya miaka ya 1970 kumalizika, viziwi wa nchi hiyo walitawanyika majumbani, kila mmoja na ishara chache za jamaa zake. Mwaka 1977 shule ilifunguliwa mjini Managua, na baada yake chuo cha ufundi. Waalimu walikusudia kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo. Kihispania hakikushika sana. Lakini uwanjani na ndani ya mabasi watoto walizichanganya ishara zao, na lugha mpya ikazaliwa ambayo hakuna mwalimu aliyeifundisha. Jambo la ajabu zaidi lilifuata. Watoto wadogo waliokuja nyuma waliipokea lugha ile ikiwa bado mbichi, wakaipa utaratibu wa sarufi ambao wakubwa wao hawakuwa nao. Ann Senghas na wenzake waliofuatana na wasemaji hao waliona kuwa aliyeingia akiwa mdogo huisema kwa ufasaha kuliko aliyeingia akiwa mkubwa, ingawa mkubwa ndiye aliyetangulia. Katika Managua, basi, mwanafunzi alimpita mwalimu, na sababu haikuwa akili wala bidii. Ilikuwa umri.

Kuna pingamizi jingine, nalo hutolewa kwa nia njema: wazazi wengi hawaijui lugha ya alama, watamfundishaje mtoto? Ni kweli kuwa huko Marekani zaidi ya watoto 90 katika kila viziwi 100 huzaliwa na wazazi wasikiao, na hapana sababu ya kudhani kuwa mambo ni mengine mahali pengine. Lakini Jenny Singleton na Newport waliandika mwaka 2004 juu ya mtoto kiziwi waliyempa jina la Simon, ambaye wazazi wake, viziwi pia, waliichelewa lugha ya alama na kuisema kwa makosa. Simon hakuyarithi makosa yote. Katika sehemu nyingi alizinyoosha kanuni zilizopindwa na wazazi, akawapita. Mtoto mdogo hahitaji mwalimu asiye na ila. Anahitaji lugha, nayo ije mapema. Mama ajifunzaye alama chache kila siku pamoja na mwanawe, akimwalika kiziwi mtu mzima aje kuzungumza naye, anampa kitu ambacho profesa hataweza kumpa akiwa na miaka 15.

Wengine hutegemea shimesikio, au chombo kipandikizwacho ndani ya sikio kwa upasuaji. Vyombo hivi ni neema kwa wengi, wala hapana haja ya kuvishutumu. Lakini na izingatiwe kuwa madaktari wa upasuaji huo nao huhimiza ufanywe mapema, katika miaka michache ya kwanza, kwa sababu ile ile inayotetewa hapa. Chombo hicho ni ghali, hakimfai kila mtoto kwa kiasi kimoja, na mafunzo yake huchukua miaka. Wataalamu wangali wakibishana juu ya namna bora ya kuchanganya alama na matamshi kwa watoto wa namna hiyo. Na wabishane; lakini mtoto asiachwe bila ya lugha mpaka mabishano yaishe. Atakayefanikiwa kusikia atakuwa na lugha mbili, na lugha mbili hazijamwua mtu katika Afrika Mashariki, ambako mtoto huingia shule na ya kabila lake mdomoni na Kiswahili nyuma yake.

Walakini upo upotovu wa upande wa pili, nao usiachwe bila ya kukemewa. Wako wanaoshika rai ya Lenneberg kama hukumu ya kadhi, wakasema kuwa aliyepita miaka 12 amekwisha, hana faida ya kufundishwa. Hiyo ni kuigeuza elimu kuwa kisingizio. Majira ya lugha hayafungwi kama mlango wa duka saa kumi na mbili jioni. Hupungua nguvu kidogo kidogo, kama mvua za masika ziishavyo. Hata wale waliochelewa katika uchunguzi wa Newport walikuwa na ndoa, kazi, marafiki na mazungumzo, yote kwa lugha waliyoipata ujanani. Kijana kiziwi wa miaka 18 asiye na lugha ana haki ya kupewa lugha leo, hata kama haitakuwa kamili, kama mwenye kiu alivyo na haki ya maji hata kama kisima kimepungua. Elimu ya umri haikuja kumwambia mtu mzima "umechelewa". Imekuja kuwaambia wanaomlea mtoto "msimcheleweshe".

Afrika Mashariki haiwezi kusema kuwa haijui. Shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias nchini Kenya zilianza mwaka 1961, na ya Tabora nchini Tanzania mwaka 1963. Nyingi za shule za mwanzo zilifuata njia ya kinywa, na watoto, kama wale wa Managua, walizungumza kwa mikono mabwenini. Sheria nazo zimesonga mbele. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitaja kukuzwa kwa lugha ya alama ya viziwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009 ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao waziwazi unaagiza kurahisishwa kwa kujifunza lugha ya alama. Ni mambo ya kusifiwa. Lakini lugha iliyo rasmi bungeni haimfai mtoto wa miaka 3 kijijini ambaye hakuna hata mtu mmoja aijuaye nyumbani mwao. Taifa lililojenga shule na kungoja mtoto azifikie kwa miguu yake limejenga ghala katika mwezi wa mwisho wa mvua, na mbegu bado haijapandwa.

Kipasacho kufanywa kinajulikana, wala hakihitaji hazina ya Sulemani. Mtoto hupelekwa kliniki kupimwa uzito tangu akiwa na wiki chache; na apimwe na masikio. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe hasikii, asirudishwe nyumbani na pole peke yake. Aonyeshwe siku ile ile viziwi watu wazima walio karibu, kwa maana hao ndio wenye lugha, na kwa muda mrefu wamehesabiwa kuwa wapokeaji wa msaada wakati wao ndio wangekuwa watoaji. Chuo cha ualimu kisimpe mtu cheti cha kufundisha viziwi ikiwa hawezi kuzungumza nao. Shule za awali za viziwi zifunguliwe kabla ya shule kubwa, na milango yake iwe wazi kwa akina mama na akina baba. Na wasomi wa vyuo vikuu, wanaoandika kurasa nyingi juu ya ukuzaji wa Kiswahili, wakumbuke kuwa katika nchi hizi wako watoto ambao Kiswahili hakijawafikia, wala lugha nyingine yoyote.

Watu wa kungoja hupenda kusema "kawia ufike". Ni methali njema kwa msafiri, kwa kuwa mji hauondoki mahali pake. Lakini lugha ya kwanza si mji. Kwa jambo hili wahenga waliacha methali nyingine, isemayo kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa watu wengi huo ni mfano tu. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miaka 15, anayemjua sura, mwendo na kicheko, wala hawezi kumwuliza jana alikuwa wapi wala kesho anataka kuwa nani, maneno hayo si mfano tena. Ni habari ya nyumbani kwake.